Upande Uliopakwa Rangi

Watu walimwita Fundi Pua, na si kwa sababu pua yake ilikuwa kubwa, ingawa tusidanganyane, ndogo haikuwa. Jina hilo lilitokana na namna alivyoipokea kompyuta iliyougua. Mafundi wengine huanza na maswali. Yeye alifungua ubavu wa kasha, akainama, akaingiza uso ndani na kunusa, kama mama anavyonusa maziwa ya jana kabla ya kumpa mtoto. Kisha aliinua kichwa na kusema, "Kapasita," au, "Siyo kapasita," na mara nyingi neno hilo moja lilimaliza shauri.

Kapasita, kwa asiyezijua, ni vile vikopo vidogo vinavyosimama juu ya bodi kuu ya kompyuta, ile wanayoiita madabodi. Kazi yake ni kutunza umeme kidogo na kuutoa kwa utulivu, ili prosesa, ubongo wa kompyuta, isipate mafuriko sasa hivi na ukame baada ya muda. Kapasita nzima ina kichwa bapa. Ikiugua, kichwa huvimba, pengine huchanika na kutoa ute wa kahawia, na ute huo una harufu ya samaki aliyesahauliwa juani. Harufu hiyo, ambayo wengine waliikimbia, ndiyo iliyomlisha Fundi Pua, mkewe na watoto wake mpaka wakawa watu wazima.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja kilichoshikana na cha kinyozi. Mashine ya kinyozi iliponguruma, skrini zote za upande wa pili zilitetemeka, na kinyozi akilalamikiwa alijibu kwamba mashine yake haina neno, skrini ndizo zenye woga. Ndani kulikuwa na meza ndefu yenye makovu ya moto, taa ya shingo ndefu, mita mbili za kupimia umeme, na kopo la maziwa ya unga lililogeuzwa la taka, ambamo kapasita zilizokufa zilitupwa moja moja. Kwenye meza hiyo kulikuwa na viti viwili. Kimoja cha Fundi Pua, kingine cha binti yake wa mwisho.

Wenzake walipokwenda kutafuta kazi za kuvaa viatu vya kung'aa, binti huyu alibaki na baba yake. Wateja walimwita Binti Pua, jina alilolichukia mpaka siku alipogundua kwamba linamletea kazi. Baba alimfundisha kwa mpangilio ambao haukubadilika. Kompyuta haiwaki? Badilisha kwanza pawa saplai, kile kisanduku cha kuingizia umeme, usije ukamtibu mtu asiyeumwa. Bado? Tazama vichwa vya kapasita kwa taa ya pembeni, kwa sababu kivimbe kidogo hujificha kwenye mwanga wa juu. Kisha pitisha kidole. Kisha, hata ukishawapata waliovimba, chukua mita uwapime na waliobaki.

"Aliyevimba anajisema mwenyewe," baba alikuwa akimwambia. "Mtafute aliyenyamaza."

Na kulikuwa na jambo la upande. Kapasita ina miguu miwili, wa chanya na wa hasi, na ubavuni ina mstari unaoonyesha mguu wa hasi. Kwenye bodi, mahali pa kila kapasita pamechorwa duara, na nusu ya duara hilo imepakwa rangi nyeupe. Mstari unakaa upande uliopakwa rangi. Hata mtoto wa darasa la kwanza anaweza. Ila palikuwa na watengenezaji fulani walioamua kupaka rangi upande wa chanya, na hawakumwomba mtu ruhusa. Fundi Pua aliwaita "wale wa kinyume." Bodi zao alizipokea kama mtu anavyompokea shemeji mgomvi, kwa heshima na kwa macho mawili.

"Usiamini rangi," alimwambia binti yake. "Rangi ni maneno ya mtu. Weka ncha moja ya mita kwenye tundu la skurubu, nyingine kwenye tundu la mguu. Ikilia, hapo ndipo hasi. Na kama mita imekufa betri, tazama majirani. Kapasita za zamani zimekaaje? Wafuate."

Kapasita iliyogeuzwa haisamehe. Inapasuka.

Jambo la mwisho alilomfundisha halikuwa la umeme. Bodi ikishatengenezwa, haiwashwi mpaka mwenyewe awepo. "Mgonjwa huamka mbele ya wa kwao," alisema, na mteja ndiye aliyebonyeza kitufe kwa kidole chake, au kama aliogopa, Fundi Pua alibonyeza naye mteja akishuhudia. Mafundi wa mtaa wa pili walicheka. Waliona huo ni ujinga, kwa maana ukikosea unaaibika mbele ya watu. Fundi Pua alijibu kwamba ndiyo maana yeye hakosei.

Na kweli, kwa miaka mingi hakukosea.

Kisha ugonjwa wa kusahau ukamwingia, taratibu, kama unyevu unavyopanda ukutani. Kwanza yalikuwa majina ya wateja, tukacheka, nani hasahau majina. Kisha ikawa njia. Siku moja kinyozi alimkuta kwenye kona ya barabara yake mwenyewe, amesimama na mkate mkononi, akitazama huku na huku kwa adabu kama mgeni asiyetaka kusumbua. Akaanza kumwita binti yake "dada," na binti akaanza kuitika, maana kumsahihisha kulimuumiza mzee kuliko kosa lenyewe.

Siku moja mama wa binti alimwita uani, akiwa anafua.

"Mwanangu, akiwa pale mezani anakuwa yeye," mama alisema, akikamua shati la mumewe. "Akitoka pale, simjui. Jana ameniuliza mama mwenye nyumba hii yuko wapi, amsalimie kabla hajaondoka."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia yuko jikoni. Nikaenda jikoni." Mama alilitundika shati, akalinyoosha mabega. "Usimnyang'anye meza. Siku akitoka pale, ndiyo tumempoteza."

Binti hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Tangu siku hiyo aliilinda ile meza kuliko alivyojilinda mwenyewe. Kila mchana mama alikuja kumchukua mzee akale na kujinyoosha kidogo, na kila mchana, mlango ukishafungwa, binti alikaa kwenye kiti cha baba na kupitia kazi yake upya. Alikuta skurubu haijakazwa. Alikuta kapasita ya volti ndogo mahali pa volti kubwa. Mara moja akakuta moja imegeuzwa kabisa, kwenye bodi ya kawaida isiyo na fumbo lolote, na akakaa akiitazama huku machozi yakimdondokea kwenye mikono. Alirekebisha. Kapasita aliyoing'oa aliitupa kwenye kopo la maziwa, akarudisha kila kitu kilivyokuwa, na baba aliporudi alisema, "Wateja wakija tunawasha." Waliwasha. Ikawaka. Baba akatabasamu kama mtu mwenye mali yake.

Shida ilikuwa lehemu, ile risasi inayoyeyushwa kushikiza miguu ya kapasita kwenye bodi. Kila fundi ana mwandiko wake. Ya binti ilikuwa nono na ya kung'aa. Ya baba ilikuwa kidogo, kavu, yenye kincha kifupi kilicholala upande wa kushoto. Fundi Pua angeweza kusahau jina la mkewe lakini asiisahau lehemu yake. Basi binti akajifunza kuiga. Alifanya mazoezi kwenye bodi mbovu mpaka mkono wake ukaandika mwandiko wa baba, kincha kwa kincha, na ungemleta hakimu asingetenganisha. Alijivunia siri hiyo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hawakuwa na baba yake.

Asubuhi moja alikuja Mama Chapa, yule mama aliyekuwa akiwachapia watu barua na maombi ya kazi pale karibu na soko. Alikuja na kompyuta yake kwenye toroli, ameifunika kanga kama mtoto mwenye surua.

"Inaamka vizuri asubuhi, au kwa kubembelezwa?" Fundi Pua aliuliza.

"Kwa kubembelezwa, fundi. Naibonyeza, feni inazunguka, inazima. Nabonyeza tena. Ikikubali, inafanya kazi kidogo, ikipata joto inaganda. Tabia za mume wangu kabisa."

"Mumeo simtengenezi," alisema Fundi Pua, akaingiza pua ndani ya kasha. Akakaa humo muda. "Kapasita."

Siku ile alikuwa mzima. Binti aliliona hilo na moyo wake ukachangamka kwa namna ambayo haukuwa umechangamka muda mrefu. Mzee alibadilisha pawa saplai kwanza, tatizo likabaki. Akaing'oa bodi, akailaza chini ya taa ya pembeni, na hapo zikaonekana mbili zilizovimba karibu na prosesa. Mwingine angeishia hapo. Yeye alichukua mita akawapima waliobaki, akampata wa tatu, kichwa bapa, safi, amesimama pale umeme unapoingilia, na ndani hana kitu.

"Huyu hapa aliyenyamaza," alisema. "Umemwona, mama?" Alimwita mama, kama alivyokuwa akimwita alipokuwa mdogo, siyo dada.

Akaanza kuchomoa na kuchomeka. Mkono ulitetemeka kidogo hewani, ukatulia ulipogusa bodi. Katikati ya kazi alinung'unika, "Hawa wa kinyume hawa. Hawabadiliki hawa."

Binti aliyasikia maneno hayo. Lakini asubuhi hiyohiyo, njiani, mzee alikuwa amenung'unika juu ya majirani waliohama zamani, kwamba wanamwibia maji, na juu ya mwalimu wake wa shule ya msingi. Binti aliitika, "Ndiyo, baba," kama alivyoitikia yale mengine, akaendelea kupanguza feni.

Mchana mama akaja. Fundi Pua alinawa mikono, akasema, "Tutaiwasha mwenyewe akiwepo," wakaondoka wameshikana, mama upande wa barabara.

Binti akahamia kiti cha baba. Akavuta taa. Kapasita tatu mpya, lehemu kavu, vincha vimelala kushoto. Akatazama mistari. Yote mitatu ilikuwa upande usiopakwa rangi.

"Pole, baba," aliiambia nafasi tupu.

Hakuna aliyemlazimisha kuharakisha. Mita ilikuwa pale, mkono wa kulia, betri mpya. Kapasita za zamani zilikuwa pale, safu nzima, na zote, kila moja, mistari yake ilikuwa upande usiopakwa rangi vilevile. Angeinua jicho angewaona majirani. Lakini alikuwa ameshazoea kukuta kosa la baba mahali hapo, na mtu akizoea kukuta kitu, haangalii tena, anachukua tu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na la mkuu lilikuwa limesemwa asubuhi ile, masikioni mwake, naye akaitika ndiyo. Akawasha kifaa cha kulehemu, akazigeuza zote tatu, akaweka kincha kifupi, kushoto, kushoto, kushoto. Alikuwa anakaza skurubu ya mwisho aliposikia sauti ya Mama Chapa nje, akicheka na baba aliyekutana naye njiani.

"Nimemwambia mumewe amepona," Fundi Pua alisema akiingia, na Mama Chapa akajifuta machozi ya kicheko. Kinyozi alisikia, akachungulia mlangoni na taulo begani. Mzee alikuwa na furaha ya mtu ambaye mambo yamemnyookea na anataka watu waone. "Bonyeza."

"Bonyeza wewe, fundi. Mimi naogopa."

Akabonyeza. Feni ikazunguka, taa ya kijani ikawaka, na kwa kitambo kidogo ikawa kama siku zote. Kisha kapasita moja ikapasuka, kavu, kama chupa iliyokanyagwa. Moshi mweupe ukatoka ubavuni, vipande vya karatasi ya ndani yake vikaruka vikatua juu ya meza, na ile harufu ya samaki ikajaa chumba.

Binti ndiye aliyechomoa waya ukutani. Mashine ya kinyozi iliendelea kunguruma upande wa pili, imeachwa peke yake.

Fundi Pua alisubiri moshi upungue. Alivuta taa, akainama, safari hii bila kunusa. Akatazama kapasita iliyopasuka, akatazama mbili zilizobaki, kisha akatazama majirani, wale wa zamani, mmoja baada ya mwingine, kwa subira ileile aliyoifundisha.

"Ni bodi ya wale wa kinyume," alisema taratibu. "Nimeziweka kama bodi za kawaida. Zote tatu."

Ndipo binti naye alipowaona majirani.

"Baba, si wewe," alisema. "Wewe uliziweka sawa. Mimi ndiye niliyezigeuza, sasa hivi, ulipokwenda kula. Nilidhani umekosea. Sikupima. Ni mimi."

Mzee alimtazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha binti.

"Kaa, mama," alisema. Alichukua lile kopo la maziwa, akalichakura kwa kidole, akatoa kapasita moja na kuiweka kiganjani. "Unaiona hii? Ni mpya. Kichwa bapa. Miguu imekatwa kwa mkato wangu. Sasa kapasita mpya inafanya nini kwenye taka?" Akaichomoa nyingine. "Na hii. Mimi nasahau, mwanangu, lakini taka naimwaga mwenyewe."

"Baba."

"Nilijua. Nikasema acha, ananitunzia heshima mbele ya watu, na mimi nimtunzie na yeye siri yake." Akazirudisha kwenye kopo taratibu, kama vitu vinavyoweza kuvunjika. "Lakini hata hili unataka kulibeba? Mbele ya mteja?"

"Hili ni langu kweli. Yale yalikuwa yako, hili ni langu. Itazame lehemu."

Akaigeuza bodi, akamsogezea taa. Baba akavaa miwani, akainama tena, akatazama sana. Chini ya mwanga vincha vilionekana vizuri: vifupi, vikavu, vimelala kushoto.

"Hii ni lehemu yangu," alisema Fundi Pua.

Binti alifungua mdomo aseme kwamba alijifunza kuiga. Akasema. Alisema yote, mazoezi, bodi mbovu, kila kitu, maneno yakigongana, na kadiri alivyosema ndivyo yalivyozidi kufanana na uongo unaotungwa na mtu mwenye mapenzi. Aliwageukia Mama Chapa na kinyozi wamsaidie. Nao walikuwa wanamtazama kwa huruma, Mama Chapa ameshika shavu, na akaona machoni mwao kwamba hata wao hawamwamini. Walikuwa wanawaza, mtoto mwema huyu.

Fundi Pua alivua miwani. Akachukua kifaa cha kulehemu, akakifuta ncha kwenye sponji kama alivyofanya kila jioni, akakizungusha waya wake vizuri na kukiweka mbele ya kiti cha binti yake.

"Nisamehe, mama," alimwambia Mama Chapa. "Binti yangu atakutengenezea. Huyu hakosei."

Mama Chapa alisema hakuna neno, kompyuta ni chuma tu. Kinyozi alirudi kwake akazima mashine. Mzee akaenda kukaa kwenye benchi la nje mpaka mkewe alipokuja kumchukua.

Binti aliitengeneza. Alitumia mita, tundu la skurubu na mguu, ikalia. Aliweka kapasita tatu mpya mistari ikiwa upande usiopakwa rangi, vilevile alivyoziweka baba, na kwa lehemu yake mwenyewe, nono, ya kung'aa. Iliwaka mara ya kwanza bila kubembelezwa. Alikimbia nyumbani kumwambia baba kwamba imewaka kwa mpangilio wake, na baba akasema, "Ahsante, umefanya vizuri," kama mtu anayeshukuru kwa kuletewa maji.

Hakurudi mezani. Walimbembeleza, mama alimbembeleza, hata kinyozi alimletea redio akasema imekufa, kumbe amechomoa waya makusudi. Aliigeuza mikononi kidogo, akairudisha. Na ikawa kama mama alivyosema. Bila meza, vilivyobaki vilimtoka kimoja kimoja: mtaa, kinyozi, pua yake ilivyompa jina. Siku hizi anakaa dirishani, shati limenyooshwa mabega, na akimwona mkewe anasimama kwa adabu kama mgeni. Binti akirudi jioni akinuka lehemu, hamjui ni nani.

Kitu kimoja hakimtoki. Karibu kila jioni, binti akishamvika sweta, mzee hutazama vidole vyake mwenyewe na kusema, "Kuna bodi ya yule mama. Niliziweka kinyume. Zote tatu."

Naye binti hupiga magoti mbele yake, akaishika mikono ile miwili. "Hapana, baba. Uliziweka sawa. Mimi ndiye niliyezigeuza."

Mzee humtazama huyu mtu mgeni mwenye macho mekundu, akampapasa kichwa.

"Una huruma sana wewe mtoto," humwambia. "Wazazi wako wamekulea vizuri."